Kamera Bila ya Mwalimu

Ndugu msomaji, ni nadra leo kuipata nyumba katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa, isiyokuwa na kamera ndani yake. Hata yule aliyeapa kuwa hatonunua kamera maisha yake, amenunua simu, na simu imemjia na kamera mbele na nyuma. Basi wale wanaoshindana barazani ikiwa kamera iingie majumbani mwetu au isiingie, wanafunga mlango na hali mgeni yumo ndani, ameketi, na kahawa amekwisha kunywa.

Suali lililobaki ni moja tu, nalo ndilo tusilolitaka: huyu anayeishika kamera hiyo, ni nani aliyemfunza?

Tazama tunavyofanya kwa vyombo vingine. Kijana hapewi gari mpaka akae na mwalimu na kupata leseni. Hapewi usukani wa jahazi mpaka aushike mbele ya nahodha. Hata cherehani: mama hamwachii binti yake kukata kitambaa cha watu kabla hajaharibu vitambaa vibovu vya kutosha. Lakini kamera, chombo kiwezacho kuihifadhi heshima ya ukoo au kuivunja kwa usiku mmoja, tunamtupia mtoto wa miaka kumi na miwili na kumwambia: haya, chezea. Kisha mambo yakiharibika tunamlaani mtoto, tunailaani simu, tunawalaani waliotengeneza simu. La hasha! Lawama ni ya mzazi aliyetoa chombo asitoe elimu yake.

Nia yangu katika makala haya ni kusema kwamba upigaji picha wa siku hizi, huu uitwao wa dijitali, ni elimu kama elimu nyingine. Ina milango yake, ina utaratibu wake, na ina adabu zake. Na njia bora ya kuipata ni ile ya zamani: kukaa chini mbele ya mwalimu, pamoja na wenzako, siku maalumu na saa maalumu, mpaka somo likamilike. Wenzetu wana vyama vya wapiga picha vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Nitavieleza, lakini kwanza niwajibu wapinzani.

Mpinzani wa kwanza atasema: "Sheikh, kamera za leo hazihitaji kusomewa. Zinajua zenyewe."

Namjibu: kamera haijui kitu. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kilatini, maana yake ni chumba, na lilitokana na chumba chenye giza. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufa Cairo yapata mwaka 1040, alichunguza namna mwanga unavyopenya tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza, na katika kitabu chake cha Al-Manadhir akabainisha kwamba tunaona kwa sababu mwanga unakijia jicho kutoka kwenye vitu. Kamera yako ni chumba hicho hicho kilichofanywa kidogo. Tofauti ni kwamba mahali pa ukuta pamewekwa kipande chenye vijicho vidogo sana, vinavyougeuza mwanga kuwa umeme na umeme kuwa tarakimu. Steven Sasson, fundi wa kampuni ya Kodak, alipounda kamera ya namna hiyo mwaka 1975, ilikuwa na uzito wa karibu kilo nne, ilitumia sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kanda ya kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na nukta 10,000 tu. Leo simu ya mfukoni ina nukta milioni nyingi. Lakini wingi wa nukta si akili.

Nitakupa mfano uone. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakiijui kanzu wala buibui. Kimewekwa kudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vina weupe wa wastani, kama rangi ya kijivu. Bwana arusi akisimama saa sita za mchana na kanzu yake nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Kanzu ikatoka ya kijivu na uso ukatoka kama umepakwa masizi. Akina mama wakikaa safu moja na mabuibui yao, kamera hudhani mwanga haukutosha, ikauzidisha. Buibui likatoka limepauka na nyuso zikaungua kwa weupe. Simu mpya hujaribu kuutafuta uso na kujirekebisha, na aghalabu hufaulu. Lakini inapokosea, asiyefunzwa husema: "Picha yangu haikutoka vizuri, mimi si mzuri wa sura." Masikini! Sura haina kosa, kosa ni la hesabu. Aliyefunzwa humsogeza bwana arusi kivulini, au huiamuru kamera iongeze mwanga hatua moja, na picha ikatoka kama macho yalivyoona.

Na kuna kubwa zaidi. Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha, kuanzia miaka ya 1950, kadi za kulinganishia rangi ambazo mafundi walizizoea kwa jina la Shirley. Katika kadi hizo alikuwamo mwanamke wa kizungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa mizani. Kadi yenye nyuso za rangi mbalimbali ilikuja kutoka katika miaka ya 1990. Na mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kwamba imefanya kazi maalumu ili kamera ya simu yake ya Pixel 6 izionyeshe ngozi nyeusi kama zilivyo. Sasa wewe usemaye kwamba mashine inajua yenyewe, nijibu: kama ilikuwa ikijua, kazi hiyo ya 2021 ilikuwa ya nini? Mashine hujua alichokijua aliyeiunda, na aliyeiunda huenda hakuwa na uso wa mama yako akilini mwake. Asiyefunzwa huukubali uamuzi wa mtu wa mbali juu ya uso wa mamake, naye hana habari kama uamuzi umetolewa.

Mpinzani wa pili atasema: "Vyema, elimu ni lazima. Lakini YouTube imejaa masomo ya bure. Kozi ya nini?"

Huyu namuuliza suali moja. Je, mwanao alijifunza kusoma Qur'ani kwa kusikiliza kaseti peke yake? Ukumbini mwa nyumba zetu zilikuwamo kaseti za wasomaji mashuhuri wa Misri, na hakuna aliyesema kwamba chuo kifungwe. Kwa nini? Kwa sababu kaseti inasema wala haisikii. Mtoto akikosea mahali pa kulitoa herufi, kaseti inaendelea mbele kwa furaha, naye anaendelea na kosa lake mpaka linakuwa mazoea. Mwalimu humsimamisha: rudi, sema tena. Vivyo hivyo video inakuonyesha picha za mwenye video; za kwako haizioni. Haikwambii kwamba mnazi unaota juu ya kichwa cha babu yako, wala kwamba mkono wako umetetemeka. Elimu ya mkono haipokewi ila kwa mwenye mkono.

Atasema: "Mbona mafundi wa zamani hawakwenda kozi?" Nani aliyekwambia? Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 1930, na studio za namna hiyo zilikuwa vyuo vyenyewe. Kijana wa studio alifagia, akabeba stendi, akachanganya dawa katika chumba cha giza, na kamera yenyewe aliishika baadaye. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, mwingine 12 tu, na kila moja ilikuwa pesa. Kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Leo filamu imepungua, chumba cha giza kimefungwa, na pamoja nacho umeondoka ule uanagenzi. Tumepoteza chuo tukabakiwa na chombo. Ndiyo sababu nasema lazima kipatikane kitu cha kushika mahali pake.

Kitu hicho, ndugu msomaji, wenzetu wanacho. Huko Uingereza, ambako chama kilichokuja kuitwa Royal Photographic Society kiliasisiwa London mwaka 1853, miji mingi midogo ina klabu yake ya kamera. Ni watu wa kawaida: mwalimu mstaafu, muuguzi, dereva, kijana wa shule. Hukutana jioni moja katika wiki, ukumbini, kwa ada ndogo, na wenye uzoefu huwafunza wanaoanza. Na usidhani kwamba haya ni ya wazungu peke yao. Muscat, ambako wengi wetu tuna jamaa, kuna jumuiya ya wapiga picha, na wapiga picha wa Oman wameheshimika katika mashindano ya kimataifa. Wala hawakuacha kanzu zao wala swala zao kwa ajili hiyo.

Mpango wa masomo yao kwa wanaoanza ni mwepesi kuuelewa, nami nautaja ili mzazi ajue anachokilipia.

Kwanza, hufunzwa mambo matatu yanayoutawala mwanga. La kwanza ni tundu la lenzi: nambari ndogo kama f/2.8 ni tundu kubwa, na nambari kubwa kama f/16 ni tundu dogo. Tundu kubwa huuacha uso wazi na kuyafifiza yaliyo nyuma. Tundu dogo huonyesha vyote, karibu na mbali. La pili ni muda wa kile kilango kinachofunguka na kufunga, ambacho mafundi hukiita shata: mtoto akimbiaye pwani anataka sehemu moja ya 500 ya sekunde, na kwa sehemu moja ya 15 mikono ya wengi hutetemesha picha. La tatu ni wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, uitwao ISO: 100 yatosha juani, usiku hupandishwa 3200 au zaidi, na picha hutoka na chembechembe kama mchanga. Matatu haya yanategemeana kama mafiga. Ukiligusa moja, huna budi kuliangalia la pili.

Pili, hufunzwa kuona: mwanga unatoka wapi, kivuli kinaanguka wapi, nini kiingie katika picha na nini kiachwe nje.

Tatu, nalo ndilo muhimu kuliko yote, kila mwanafunzi huleta picha zake zikaonyeshwa mbele ya wenzake, na mwenye ujuzi akazisema: hapa umepatia, hapa umekosea, na sababu ni hii. Ukosoaji huo wa hadharani, wa upole na wa haki, ni dawa ya maradhi makubwa ya vijana wetu, ambao wamezoea kuzirusha picha mitandaoni na kuletewa vidole gumba vya kusifia. Sifa haikufunzi kitu. Anayekusifu kwa kila picha hakuitazama hata moja.

Sasa anakuja mpinzani wa tatu, naye nampa heshima yake kwa kuwa nia yake ni njema. Anasema: "Picha ni haramu, basi kuifunza ni haramu zaidi." Mas-ala haya wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako walioikataza picha ya kamera, na yuko Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, ambaye aliandika risala ya kuiruhusu, kwa hoja kwamba kamera inazuia kivuli kilichokwisha kuwapo, kama kioo, wala haiumbi. Anayefuata rai ya kukataza, na ashikamane nayo kwa ukweli: asiwe na picha katika simu yake wala asitizame za wenziwe. Huyo simlaumu. Namlaumu yule anayesema haramu siku ya kulipa ada ya kozi, na siku ya arusi ya bintiye analipa maradufu kwa video. Huyo dini ameigeuza kuwa kifuko cha kuhifadhia senti zake.

Hapo kwenye arusi, ndugu msomaji, ndipo penye jeraha letu. Katika mikusanyiko ya wanawake, mabuibui huvuliwa, nywele huwa wazi, mapambo huonekana. Zamani aliyeona aliondoka na alichokiona kichwani mwake. Leo anaondoka nacho simuni, na kabla ya bibi arusi kuingia ndani, picha yake imekwisha fika Dubai. Zipo nyumba zinazoweka wanawake mlangoni kukusanya simu, nao wanafanya vyema. Lakini nyumba hizo hizo, simu zikishakusanywa, humwingiza ndani kijana wa kiume mwenye kamera kubwa, kwa kuwa yeye ndiye "fundi"! Kisha kadi yake inakwenda dukani, ikafunguliwa na wanaume watano wasiojulikana. Wallahi, hili ni jambo la kushangaza. Tumeziba dirisha tukauacha mlango.

Dawa yake i wazi. Wafunzwe mabinti. Wafunzwe kupiga, wafunzwe kuzitengeneza picha katika kompyuta, wafunzwe kuzichapa, ili sitara ya wanawake ibaki mikononi mwa wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Najua atakuwapo baba atakayesema: "Binti yangu hatokaa darasani na wavulana kufunzwa kamera." Basi yawepo madarasa ya wanawake na mwalimu mwanamke. Hakuna akatazaye. Na kama mwalimu mwanamke hayupo leo, sababu ni kwamba jana hakuna aliyemruhusu kusoma. Ukiwazuia mabinti, usilalamike arusi ya bintiyo ikipigwa picha na mtoto wa watu.

Na sharti adabu ifunzwe ndani ya kozi hiyo hiyo, isiachwe iwe mawaidha ya kando. Qur'ani imetufunza kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu, na imetukataza kupeleleza. Lenzi ndefu inayoingia dirishani mwa jirani imeingia nyumba bila ya hodi. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kuomba idhini kabla ya kupiga, na kuomba tena kabla ya kueneza, maana idhini ya kwanza si idhini ya pili. Afundishwe kwamba simu nyingi, kipengele cha mahali kikiwashwa, huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, na anayepewa faili kamili anaweza kuijua nyumba. Afundishwe kwamba kufuta picha katika kadi aghalabu ni kuliondoa jina lake tu katika orodha. Picha yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake, na mwenye programu ya kurejeshea huitoa nzima. Ni wangapi huuza simu zao, au huwaachia mafundi, wakidhani wamefuta? Asiyeyajua haya ni khatari kwa nyumba yake hata kama nia yake ni safi kama maziwa.

Mwisho nitaje faida ambayo inapita kila siku bila ya kuokotwa. Katika makasha ya nyumba zetu yamo maandishi ya mkono kwa herufi za Kiarabu: nyaraka za mashamba, nasaba, tenzi, vitabu vya fiqhi vyenye maelezo pembeni. Unyevu unayala na mchwa wanayamaliza. Maandishi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, yamepigwa picha za dijitali chini ya mpango wa British Library ya London wa kuokoa nyaraka zilizo khatarini, na hilo ni jema. Lakini ya majumbani nani atayapiga? Mgeni hawezi kufungua kila kasha, wala haifai afungue. Kijana wa nyumba, akifunzwa, yaweza kuwa kazi yake ya wiki moja: kamera inyooke sawasawa juu ya ukurasa, mwanga uje kutoka pande mbili kwa mshazari, flashi isitumike, na stendi ishike mahali pa mkono. Kisha nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili vya namna mbalimbali, na moja iwekwe nyumba nyingine. Sote tunawajua watu waliokuwa na sura ya marehemu mama yao katika simu moja tu; simu ikaanguka baharini, na mama akafa mara ya pili.

Basi ewe mzazi, shauri langu ni hili. Ikiwa mjini kwenu kiko chama cha wapiga picha kinachofundisha, nenda kakione, jua walimu wake ni nani, kisha mpeleke mwanao na ulipe ada kama unavyolipa ya hisabati. Ikiwa hakipo, wanaotosha kukianzisha ni watu sita na fundi mmoja mwenye subira. Chumba cha madrasa kinakaa kitupu baina ya alasiri na magharibi siku nyingi, kitumieni. Si lazima kila mmoja awe na kamera ya thamani, maana mwanga, kivuli na adabu hufunzika kwa simu aliyonayo. Mkianza, wekeni sharti la kwanza kabla ya somo la kwanza: hakuna picha ya mtu itakayotoka ndani ya chumba hiki bila ya idhini yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona sote. Kamera haitorudi dukani, wala watoto hawatoitupa kwa kukaripiwa. Aidha tutawafunza sisi, kwa utaratibu na kwa adabu, au watafunzwa na njia, na njia haimjui mama wala bibi arusi.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona haya, mikono yenye elimu, na nyumba zenye sitara. Amin. Wabillahi tawfiq.